Sura ya Saba: Sufuri Mbili za Mvua

Mvua ya Upare haigawanywi sawa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huipanda milima kwa upande wa mashariki, hukutana na Shengena, kilele cha mita 2,462, na sehemu kubwa ya maji yake huishia huko juu kwenye msitu wa Chome. Zikishuka magharibi kuelekea Makanya, Hedaru na Same mjini, zimekwisha kukauka. Ukisimama stendi ya Same, kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, unaweza kuona wingu zito limekaa mlimani mchana kutwa nawe usipate tone. Kwa hiyo kipimo cha mvua kilichopo mjini, hata kikisomwa kwa uaminifu wote, hakina la uhakika la kusema kuhusu Vudee, Mbaga au Mamba Miamba.

Wapare walianza kulishughulikia jambo hili kabla hata ya vipimo. Walichimba ndiva, mabwawa madogo ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku kucha ili asubuhi yawe na wingi na nguvu ya kufika shamba la mwisho kwenye mfereji. Ndiva ina kamati na ina zamu. Ndiva ya Manoo, Bangalala, imetajwa katika tafiti nyingi za maji kwa sababu zamu hizo zinafanya kazi. Lakini kugawa kwa zamu ni hesabu, na hesabu inataka namba. Mtafiti Marloes Mul, aliyefanya kazi katika bonde la Makanya akiwa UNESCO-IHE ya Delft, Uholanzi, aliandika tasnifu yake ya mwaka 2009 juu ya ugumu huohuo: namna ya kuelewa mwenendo wa maji katika bonde ambalo halikuwa na vipimo.

Leo kipimo kinaweza kutengenezwa mezani. Kijana aliyepita chuo cha ufundi cha VETA, mwenye mkono mwepesi wa solda, hununua Kariakoo bodi ndogo yenye maikrokontrola ya ATmega328P, huiunganisha na ndoo ya kupimia mvua inayopinduka kila ikijaa milimita 0.2, huongeza saa ya DS3231, sensa ya unyevunyevu, kadi ya kumbukumbu, betri na paneli ya sola. Ubongo wa kifaa hicho una kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi. Zinatosha. Programu anayoiandika mwenyewe haizidi kurasa mbili.

Kinachoingia kwenye bodi, hata hivyo, ni zaidi ya kurasa hizo mbili. Chini ya kila amri fupi anayoiandika, kama vile kusoma sensa, kusubiri au kuuliza muda, kuna mistari mingi ambayo hakuiandika wala hajawahi kuiona. Hiyo ndiyo maktaba kuu: msimbo unaokuja pamoja na bodi na kuufanya mfumo wa Arduino, uliozaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, uonekane rahisi. Imeandikwa na watu, imerekebishwa na watu, na ina makosa. Sura hii inahusu makosa hayo, na hasa aina moja ninayoiona mbaya kuliko zote: kosa linalokifanya kifaa kinyamaze bila kusema kwamba kimenyamaza.

Kwa sababu mvua ina sufuri mbili. Ipo sufuri ya siku ambayo haikunyesha, na ipo sufuri ya siku ambayo kifaa kiliganda. Mwisho wa mwezi mtu anajumlisha milimita kwenye jedwali. Siku isiyo na rekodi haina cha kujumlishwa, hivyo inaingia kama siku kavu. Mahali penye mvua nyingi mtu angeshtuka. Kwenye tambarare ya Same, ambako siku kavu ndiyo habari ya kawaida kwa miezi mingi, nani ashtuke? Kifaa kilichokufa na ukame vinafanana kabisa.

Tuanze na maktaba inayoitwa Wire. Saa ya DS3231 na sensa nyingi za unyevunyevu huzungumza na bodi kwa nyaya mbili, mmoja wa data na mmoja wa mapigo, kwa utaratibu wa I2C ulioasisiwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Ulikusudiwa kuunganisha vipande vilivyokaa karibu ndani ya kifaa kimoja, televisheni kwa mfano. Haukukusudiwa waya wa mita mbili unaopanda mlingoti, wenye kiungio kilichoingia maji, huku radi ikipiga juu ya Shengena. Katika hali hiyo pigo moja likipotea, sensa inaweza kubaki imeushikilia waya wa data chini, ikingoja pigo ambalo halitakuja tena.

Upande wa bodi, Wire nayo inangoja. Ukifungua faili lake la ndani, twi.c, katika matoleo ya zamani utakuta mizunguko mifupi yenye maana hii: maadamu hali bado ni «ninasoma», endelea kusubiri. Hali hiyo hubadilishwa na katizo tu, yaani ishara ya umeme inayoilazimisha prosesa kuacha ilichokuwa ikifanya ihudumie jambo la haraka. Waya ukiwa umeshikiliwa, katizo halitokei. Katizo lisipotokea, hali haibadiliki, na mzunguko hauna mlango mwingine wa kutokea. Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, anaondoka, na hakuna anayemlaumu. Wire ilikuwa mgeni anayepiga hodi hadi betri iishe.

Kosa hili si la uzembe. Utaratibu wa I2C wenyewe haukuweka kikomo cha muda ambao kifaa kinaweza kuuzuia waya wa mapigo, kwa hiyo aliyeandika mzunguko usio na mwisho alikuwa anaufuata kwa uaminifu. Ndugu yake I2C, utaratibu wa SMBus uliotokana na kazi ya Intel miaka ya 1990, ndio ulioweka kikomo: kati ya milisekunde 25 na 35, kisha kila mmoja aachie waya. Kichwa cha faili la Wire kinaonyesha haki ya uandishi ya Nicholas Zambetti ya mwaka 2006. Mstari mwingine wa kichwa hichohicho unasema Greyson Christoforo aliongeza ukomo wa kusubiri mwaka 2020. Miaka 14 iko kati ya mistari hiyo miwili, na muda mwingi wa hiyo miaka mafundi wa nchi mbalimbali walikuwa wakilalamika kwamba bodi zao zinaganda bila sababu. Sababu ilikuwepo. Ilikuwa kwenye faili ambalo hawakulifungua kwa kuamini kwamba la maktaba haliwezi kuwa na kosa.

Kabla ya kurekebisha kitu ni lazima ukiharibu kwa makusudi, na hili la Wire linaharibika vizuri. Weka bodi mezani, iache isome sensa na kuwasha taa kila sekunde. Chukua kipande cha waya, ugusishe waya wa data na ardhi ya umeme kwa muda mfupi. Hakuna kitakachoungua, kwa kuwa nyaya za I2C huvutwa juu kwa rezista tu. Rudia mara kadhaa. Kwa maktaba ya zamani taa itasimama, na hata ukiondoa waya haitarudi. Umeiteremsha radi ya mlimani hadi mezani kwako, na sasa unaweza kuiita kila unapotaka. Mimi huthamini jaribio kama hili kuliko kurasa kumi za kubahatisha, maana fundi asiyeweza kulirudia kosa hana njia ya kujua kama amelimaliza.

Marekebisho ya mwaka 2020 yaliingia katika toleo la 1.8.3 la maktaba kuu ya bodi za AVR, jamii ya chipu ambamo ATmega328P imo. Kila mzunguko wa kusubiri sasa unaweza kutazama saa. Muda ukipita, unajitoa, unaweka alama kwamba ukomo umefikiwa, na ukitaka, unaiwasha upya sehemu ya I2C ndani ya chipu. Kiwango kinachopendekezwa ni mikrosekunde 25,000, sawa na milisekunde 25. Lakini soma vizuri: ulinzi huu haukuwashwa. Ni lazima wewe mwenyewe uandike Wire.setWireTimeout mwanzoni mwa programu yako, la sivyo mzunguko unabaki ulivyokuwa. Watunzaji waliogopa kuvunja programu za zamani zilizoandikwa kwa kutegemea tabia ile, na hofu yao naielewa. Hata hivyo, kwa kifaa kinachokaa peke yake porini naona uamuzi ule ulikuwa wa upande usiofaa: anayehitaji kusubiri milele ni mmoja, wanaoumizwa na kusubiri milele ni maelfu.

Na ukishauwasha ulinzi, kazi imehamia kwako. Maktaba ikikata tamaa itakurudishia baiti sufuri, na ukiendelea kusoma kana kwamba kuna kitu, itakupa -1, ambayo ukiihifadhi kwenye baiti moja inageuka 255. Programu isiyouliza «nimepata baiti ngapi?» itaandika unyevunyevu wa 255 na kuendelea na safari. Andika kwenye kadi neno lisilofanana na namba yoyote: HAKUNA. Hapo sufuri ya kwanza na ya pili zitakuwa zimeachana.

Wengi hukwepa yote haya kwa kutumia mlinzi wa ndani ya chipu, kihesabuji kinachoiwasha bodi upya kama programu haijajitokeza kwa muda fulani. Katika ATmega328P muda mrefu kabisa ni sekunde 8. Ni dawa nzuri, ila inakutana na kosa jingine lililo chini zaidi. Mlinzi akishaiwasha bodi upya, anabaki amewashwa, safari hii kwa muda mfupi kuliko yote, milisekunde 16 hivi. Programu ndogo inayoamka kwanza kwenye bodi, ile inayopokea programu mpya kupitia USB, inatakiwa imzime mara moja. Ya zamani, iliyokuwemo kwenye bodi nyingi za Arduino Nano, haikufanya hivyo: inaamka, inachelewa kidogo, inauawa, inaamka tena. Kifaa kinaingia katika kuzaliwa na kufa kusikokwisha, taa ikipepesa. Programu mpya zaidi ya kuamshia, Optiboot, humzima mlinzi, na Arduino walianza kuiweka kwenye Nano zao kuanzia Januari 2018. Bodi za kuigwa zinazouzwa kwa bei ya chini bado zinaweza kuwa na ile ya zamani. Utaijua kwa urahisi: bodi inayokataa kupokea programu mpaka uchague kwenye menyu chaguo la programu ya zamani ya kuamshia ni mojawapo. Usiipandishe mlimani ikiwa na mlinzi kabla ya kuibadilisha.

Kosa la saa lina historia inayonifurahisha zaidi. Kazi iitwayo millis() hukwambia milisekunde ngapi zimepita tangu bodi iwashwe. Ndani yake taima ya chipu hujaa kila baada ya mikrosekunde 1,024, si 1,000, kwa hiyo maktaba huongeza milisekunde moja na kuweka kando zile mikrosekunde 24 za ziada mpaka zitimie milisekunde nzima, kisha huruka namba moja. Hesabu safi. Lakini katika matoleo ya mwanzo jibu lilipatikana kwa kuzidisha kwanza ndipo kugawanya kwa 125. Zao la kuzidisha lilizidi uwezo wa namba ya biti 32 mapema mno, na saa ya bodi ilirudi sufuri baada ya milisekunde 34,359,738, yaani saa 9 na dakika 32 na ushei.

Walilirekebisha. Sasa saa inarudi sufuri baada ya siku 49, saa 17, dakika 2 na sekunde 47, ambao ndio mwisho wa biti 32 zenyewe. Je, hayo ni maendeleo? Kwa hesabu, ndiyo. Kwa fundi, sina hakika sana. Kosa la saa tisa na nusu utalikuta usiku uleule wa kwanza, kifaa kikiwa bado mezani. Kosa la siku 49 linapita majaribio yote, linafungwa ndani ya boksi, linapanda gari hadi Makanya, na linangoja. Tuseme umekiwasha kituo usiku wa manane wa kuingia Machi 1, tayari kwa masika. Saa yake ya ndani itarudi sufuri Aprili 19, saa kumi na moja na dakika mbili jioni, masika ikiwa imepamba moto. Kama uliandika «muda wa sasa ukiwa mkubwa kuliko muda wa kusoma tena, soma», programu inaweza kukaa siku 49 nyingine ikisubiri namba ambayo saa imeirudia nyuma. Windows 95 na 98 ziliangushwa na namba hiyohiyo ya siku 49.7. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa mitambo yake ya umeme ingejizima baada ya siku 248 mfululizo: hesabu ya biti 31, ikihesabiwa kwa sehemu ya mia ya sekunde.

Dawa ni mstari mmoja. Usilinganishe muda na muda. Toa wa zamani kutoka wa sasa kwa namba zisizo na alama ya hasi, kisha uliza kama tofauti imetosha. Kutoa kwa namba hizo kunavuka ukingo wa sufuri bila kujikwaa.

Kuna kosa ambalo maktaba kuu imelikwepa vizuri, na wengi wetu tunalirudia kwa kutoisoma. Prosesa hii ni ya biti 8. Namba ya kuhesabia mapinduko ya ndoo ni ya biti 16, kwa hiyo inasomwa kwa vipande viwili. Tuseme ndoo imepinduka mara 255. Programu inasoma nusu ya chini, yenye 255. Kabla haijasoma nusu ya juu, ndoo inapinduka, katizo linaingia, namba inakuwa 256, na nusu ya juu sasa ni 1. Zikiunganishwa zinatoa 511. Mvua ya milimita 51.2 imeandikwa 102.2. Uwezekano wa jambo hili hukua mvua inapozidi, maana ndoo inapinduka haraka zaidi. Fungua faili la wiring.c la maktaba kuu, uone millis() inavyofanya: inafunga makatizo, inanakili namba, inarudisha makatizo yalivyokuwa. Nakili tabia hiyo.

Katika milima hii milimita 50 za ziada zina uzito wake. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliwaua watu zaidi ya 20 katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, baada ya mvua kubwa. Kifaa kinachopiga kelele bure kitazoeleka na kupuuzwa, na kile kinachoganda mvua inapokuwa kali zaidi hakitapiga kelele kabisa. Sitasema kipimo cha mezani kingeweza kuokoa mtu siku ile. Onyo linahitaji watu, simu na njia za kukimbilia. Ninachosema ni kwamba makosa tuliyoyapitia yana tabia ya kutokea wakati wa radi, maji na mapinduko ya haraka, si wakati wa jua.

Hapa Afrika Mashariki kuna waliolifikiria kwa mpango tatizo hili la kifaa kinachonyamaza. Mradi wa WIMEA-ICT, ulioviunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen kwa fedha za Norway, ulibuni kituo cha hali ya hewa cha gharama nafuu kinachotumia vifundo vidogo vya redio: kimoja mita 10 juu ya ardhi, kingine mita 2, kingine chini. Havikuendeshwa na Arduino bali na Contiki, mfumo ulioanzishwa na Msweden Adam Dunkels. Pamoja na joto na mvua, vifundo vyenyewe vilituma volti za umeme wake. Namba hiyo haimsaidii mkulima moja kwa moja, lakini inamwambia fundi aliye mbali kama kituo kiko hai, ndiyo maana naihesabu kuwa nusu ya kazi.

Ukilipata kosa kwenye maktaba kuu, usiishie kulifunika kwenye programu yako. Andika programu fupi kuliko zote inayolionyesha, mistari kumi ikiwezekana, bila ndoo wala kadi wala sola. Taja bodi, chipu na namba ya toleo. Eleza ulichotarajia na kilichotokea. Ukiwa na marekebisho, yatume peke yake, bila kupanga upya nafasi za mistari mingine, kwani mtunzaji akiona mistari mia mbili imebadilika ili kosa moja lipone, ataiweka pembeni, nami nisingemlaumu. Kisha uwe na subira. Kila baiti unayoongeza inaingia kwenye bodi za watu ambao hawana tatizo lako na wana kilobaiti 32 zilezile. Aliyeongeza ukomo wa Wire alilazimika kuacha tabia ya zamani ibaki ndipo marekebisho yakubalike, na ikawekwa pia alama ndani ya msimbo, WIRE_HAS_TIMEOUT, ili programu iweze kuuliza kama maktaba iliyopo inao ulinzi huo.

Marekebisho yakishapokelewa hayaendi Bangalala yenyewe. Bodi iliyopakiwa mwaka juzi inabeba maktaba ya mwaka juzi mpaka mtu apande na kompyuta mpakato na waya wa USB. Kwa hiyo kabla hujakaza skrubu, chukua kalamu ya maki na uandike upande wa ndani wa kifuniko: namba ya toleo la maktaba kuu, programu ya kuamshia ni ya zamani au mpya, mlinzi amewashwa au la, ukomo wa kusubiri ni mikrosekunde ngapi, na tarehe na saa ya kuwashwa. Halafu ongeza siku 49 kwenye tarehe hiyo, uandike na siku hiyo pia, umwachie namba ya simu msimamizi wa ndiva.